Mfadhili, Rekta na Barua: Malezi ya Chuo Kikuu Kichanga, kutoka Stanford hadi Bukavu

Utangulizi

Mwaka 1989 serikali ya Zaire iliachana na msimamo iliokuwa nao tangu 1971, kwamba elimu ya chuo kikuu ni kazi ya serikali peke yake. Mwaka huohuo maaskofu Wakatoliki wa jimbo la kikanisa la Bukavu walianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, kijulikanacho kwa herufi UCB. Huko Butembo, katika Kivu ya Kaskazini, Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Miaka miwili baadaye, mwaka 1991, Waprotestanti nao walianzisha mjini Bukavu Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, yaani UEA. Kabla ya hapo mji ulikuwa na taasisi za serikali za kufundishia walimu na wataalamu wa maendeleo ya vijijini, pamoja na kituo cha utafiti cha Lwiro kilichojengwa zama za Wabelgiji. Lakini haukuwa na chuo kikuu chake wenyewe.

Vyuo hivyo vilizaliwa wakati mgumu. Mishahara ya serikali ilikuwa haifiki, au ikifika ilikuwa imekwisha kuliwa na mfumuko wa bei. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza vilitegemea wafadhili: kanisa lililotoa ardhi na majengo, marafiki wa ng'ambo waliotoa vitabu na vifaa, na wazazi waliotoa ada. Penye mfadhili hapakosi swali. Aliyetoa mali ana haki gani juu ya kile kinachofundishwa? Na mkuu wa chuo, apokeapo barua ya mfadhili mkononi, amtii nani: mtoaji, mwalimu, au ukweli?

Makala hii inakusudia kulichunguza swali hilo kwa kulinganisha mifano miwili. Mfano wa kwanza unatoka California, nchini Marekani, ambako barua za mfadhili kwa mkuu wa chuo kichanga zimehifadhiwa na kusomwa na wanahistoria wengi. Mfano wa pili ni wa Bukavu yenyewe, ambako mfadhili mkuu alikuwa kanisa, na ambako barua zilizobaki katika kumbukumbu za watu ziliandikwa na maaskofu wawili. Hoja inayotetewa ni kwamba thamani ya mfadhili haipimwi kwa kiasi alichotoa tu. Hupimwa pia kwa barua zake: anamwandikia nani, na anaandika kumlinda nani.

Chuo kilichojengwa juu ya kaburi la mtoto

Leland Stanford alikuwa mmoja wa matajiri walioanzisha kampuni ya reli ya Central Pacific. Alipata kuwa gavana wa California, na baadaye seneta. Yeye na mkewe Jane walikuwa na mtoto mmoja tu, naye alifariki kwa homa ya matumbo mjini Florence, Italia, mwezi Machi 1884, akiwa na umri wa miaka 15. Wazazi wale waliamua kwamba watoto wa California ndio watakaokuwa watoto wao. Mwezi Novemba 1885 walitia sahihi hati ya kuanzisha chuo kikuu chenye jina la marehemu mwanao, na kilifungua milango yake tarehe 1 Oktoba 1891.

Mkuu wa kwanza alikuwa David Starr Jordan, mtaalamu wa elimu ya samaki, aliyetoka kuongoza Chuo Kikuu cha Indiana. Katika Marekani mkuu wa chuo kikuu huitwa rais. Katika Kongo, kwa desturi iliyoachwa na Wabelgiji, huitwa rekta. Hati ya Stanford ilimpa rais huyo uwezo wa kuajiri na kuachisha kazi walimu. Wakati huohuo ilihifadhi mikononi mwa waanzilishi, maadamu wako hai, mamlaka ambayo katika vyuo vingine hushikwa na baraza la wadhamini. Maana yake ilikuwa wazi. Mwalimu alikuwa chini ya rais, na rais alikuwa chini ya mume na mke waliokifanya chuo kuwa kumbukumbu ya mtoto wao. Kati ya mwalimu na mfadhili hapakuwa na kinga yoyote isipokuwa moyo wa rais.

Leland Stanford alifariki mwezi Juni 1893. Mirathi yake ilifungwa mahakamani, na serikali ya Marekani ikadai dola milioni 15 kutoka humo kwa ajili ya mikopo ya zamani ya reli. Washauri wengi walimwambia mjane afunge chuo mpaka mambo yatulie. Alikataa. Hakimu wa mirathi alimruhusu dola 10,000 kwa mwezi kwa matumizi ya nyumba yake; Jane Stanford alipunguza watumishi na anasa, akaishi kwa fedha kidogo, na nyingi zilizobaki akazipeleka chuoni. Jordan alisimulia baadaye jinsi maprofesa walivyohesabiwa katika mahesabu ya mahakama kana kwamba walikuwa watumishi wa nyumba ile. Mwaka 1897 mjane alichukua vito vyake hadi London, wakati wa sherehe za miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, akitumaini kuviuza. Bei zilikuwa duni, akarudi na vingi kati ya vito hivyo. Kesi ya serikali ilikuwa imekwisha kushindwa katika Mahakama Kuu mwezi Machi 1896, lakini ilichukua miaka mingine kabla mali haijafunguliwa.

Hapana budi kuyataja haya yote kwanza, kwa kuwa yanayofuata yasije yakamfanya msomaji amdharau mama huyu. Bila yeye chuo kingekufa kikiwa na umri wa miaka miwili. Katika miaka hiyo sita ya dhiki, barua zake kwa Jordan zilijaa upendo, shukrani na wasiwasi wa mzazi. Lakini humohumo zilikuwamo amri. Aliona chuo kuwa nyumba yake, na walimu kuwa watu wa nyumba hiyo. Mwaka 1899, alipoona wanafunzi wa kike wanaongezeka haraka, alihofia kwamba kumbukumbu ya kijana wake itageuka kuwa chuo cha wasichana, akaamuru wasizidi 500 kwa wakati mmoja. Amri hiyo iliendelea kutumika hadi 1933, miaka mingi baada ya yeye mwenyewe kufariki. Ndivyo neno la mfadhili lilivyo: huweza kuishi kuliko sababu yake.

Barua ya Mei 1900

Edward Alsworth Ross alikuwa mwalimu kijana wa uchumi, baadaye wa elimu ya jamii. Katika uchaguzi wa 1896 alimuunga mkono hadharani mgombea aliyechukiwa na matajiri. Bibi Stanford alitaka aondolewe, na Jordan akapata njia ya kati kwa kumhamishia somo jingine. Mwezi Mei 1900 Ross alihutubia mkutano wa vyama vya wafanyakazi mjini San Francisco, akipinga kuingia kwa Wajapani nchini. Vilevile alikuwa akitetea huduma za miji, kama vile usafiri, ziwe mali ya umma. Siku chache baadaye Bibi Stanford alimwandikia Jordan kwamba mwalimu huyo ameacha kazi yake na kujiingiza katika malumbano ya siasa, na kwamba chuo hakiwezi kuendelea kuwa naye.

Kisa hiki hakina malaika. Maneno ya Ross juu ya Waasia yalikuwa ya kibaguzi, na leo hayatetewi na mtu yeyote mwenye kupenda haki. Jane Stanford, kwa upande wake, alijua kwamba reli iliyowatajirisha ilijengwa kwa jasho la maelfu ya Wachina, na aliona kumsikia mwalimu wake akiwashambulia watu wa Asia ni jambo la aibu. Lakini reli hiyohiyo ndiyo iliyofanya hoja ya mali ya umma imchome. Ubaya wa hotuba na ubaya wa namna ya kumwadhibu mhutubu ni mambo mawili, na chuo kikuu hakina budi kuyatenganisha.

Jordan alimtetea Ross kwa miezi kadhaa. Alimwandikia mfadhili, alimsihi, alieleza sifa za mwalimu yule na hatari ya kumfukuza. Mwisho alinyamaza na kutii. Mwezi Novemba 1900 kujiuzulu kwa Ross kulikubaliwa, na siku iliyofuata Ross aliita waandishi wa habari akawasomea maelezo yake. Jambo lililokuwa siri ya bahasha mbili tatu likawa habari ya nchi nzima. Profesa George Howard wa historia alilaani tendo hilo mbele ya wanafunzi wake. Alitakiwa aombe radhi au aondoke, akaondoka. Wengine walifuata, mmoja wao akiwa mwanafalsafa kijana Arthur Lovejoy. Mwaka 1915 Lovejoy alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Maprofesa wa Vyuo Vikuu vya Marekani, chenye shabaha ya kulinda uhuru wa mwalimu. Kwa hiyo kinga ambayo Stanford ilikosa ilipatikana kwa njia ndefu, na kwa gharama ya watu waliopoteza kazi.

Fadhila za punda ni mateke, husema Waswahili, na bila shaka Bibi Stanford alijiona kuwa amelipwa hivyo. Amejinyima, ameuza, amesafiri na vito vyake katika sanduku. Halafu mwalimu anayelipwa kwa fedha hizo anasimama kuilaumu njia zilikotoka. Uchungu huo unaeleweka. Lakini methali hiyo ni ya mtu na mnyama wake. Mwalimu si mnyama wa mtu, na chuo kikuu si zizi. Kosa la barua ya Mei 1900 halikuwa hasira iliyomo ndani yake. Kosa lilikuwa katika mpango ulioiwezesha barua ya mtu mmoja, iliyotumwa kwa mtu mmoja, kuamua jambo lililowahusu wote.

Mwenyewe alikuja kulitambua hilo kwa kiasi fulani. Mwaka 1903 aliyakabidhi mamlaka yake kwa baraza la wadhamini. Alifariki Honolulu tarehe 28 Februari 1905. Jopo la uchunguzi huko lilisema ameuawa kwa sumu ya striknini, naye Jordan alisafiri hadi Honolulu na kulipinga jibu hilo. Wanahistoria wa karne hii wamekubaliana zaidi na jopo kuliko na Jordan. Vito vyake vikauzwa, na fedha zake zikawa mfuko wa kununulia vitabu vya maktaba. Mwezi Aprili 1906 tetemeko la ardhi lilibomoa jengo jipya la maktaba na ukumbi wa michezo, ambayo ni sehemu ya majengo makubwa aliyoyapendelea huku Jordan akitamani fedha zaidi kwa walimu. Majengo yalianguka; mfuko wa vitabu ungali unanunua vitabu.

Mfadhili wa Bukavu

Ukiacha California na kurudi kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, sura ya mfadhili hubadilika. Bukavu haikuwa na tajiri wa reli. Mfadhili wa UCB alikuwa kanisa, yaani jumuiya ya waumini maskini kwa sehemu kubwa, chini ya maaskofu wao. Askofu mkuu wa Bukavu ndiye chansela mkuu wa chuo, na rekta hukiongoza chuo chini ya mamlaka hayo. Kwa mpangilio wa madaraka, basi, hali haiko mbali sana na ile ya Palo Alto: yuko mwanzilishi mwenye uwezo mkubwa, na yuko mkuu wa chuo aliyewekwa kwa ridhaa yake.

Hata hivyo kuna tofauti moja ya kisheria. Tarehe 15 Agosti 1990, UCB ikiwa na umri wa mwaka mmoja, Papa Yohane Paulo II alitoa Katiba ya Kitume kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, *Ex corde Ecclesiae*. Hati hiyo inawapa maaskofu wajibu wa kulinda tabia ya Kikatoliki ya chuo, na inawataka wanaofundisha teolojia wapate idhini ya kanisa. Papo hapo inatambua uhuru wa kitaaluma, kwa sharti la kuheshimu ukweli na manufaa ya wote. Kuna nafasi ya mabishano kati ya sehemu hizo mbili, na mabishano yamekuwapo katika nchi nyingi. Lakini angalau mabishano hayo yana andiko la kutegemea. Ross hakuwa na andiko lolote.

Tofauti ya pili ni ya historia, nayo ni kubwa zaidi. Barua za mfadhili wa Bukavu zilizotikisa mji hazikuandikiwa rekta.

Christophe Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 katika eneo la Walungu, akawa padri mwaka 1958, na baadaye akajiunga na shirika la Wajesuiti. Mahusiano yake na chuo kikuu yalianza kabla hajawa askofu. Mwezi Juni 1971 wanafunzi wa Lovanium, mjini Kinshasa, waliwakumbuka hadharani wenzao waliouawa na askari tarehe 4 Juni 1969. Serikali ya Mobutu iliwajibu kwa kuwaingiza jeshini kwa nguvu, na mwaka huohuo ikavitaifisha vyuo vikuu vyote vitatu vya nchi na kuviunganisha kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Munzihirwa, aliyekuwa karibu na wanafunzi wale, aliomba naye aandikishwe jeshini pamoja nao. Hakuwa na mali ya kuwapa wala cheo cha kuwaombea. Aliwapa mwili wake, akavaa sare waliyovalishwa.

Mwaka 1994 mtu huyo akawa Askofu Mkuu wa Bukavu, na kwa hiyo chansela wa chuo chenye umri wa miaka mitano. Mwezi Julai mwaka huo, baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka na kuingia Kivu. Kambi zilijaa pembezoni mwa mji. Katika miaka miwili iliyofuata Munzihirwa aliandika barua na matangazo mengi, kwa wakuu wa nchi, kwa Umoja wa Mataifa na kwa mabalozi. Alidai haki kwa wote, alitaka wakimbizi warudi kwao kwa usalama, alilaumu uporaji wa askari wa Zaire, na alionya kwamba vita vinakuja. Tarehe 29 Oktoba 1996, siku ambayo mji ulitekwa, aliuawa na wanajeshi kwenye njiapanda ya Nyawera. Mwili wake ulilala pale hadi siku iliyofuata.

Aliyemfuata alikuwa Emmanuel Kataliko, yuleyule mwanzilishi wa Chuo Kikuu cha Graben, aliyehamishwa kutoka Butembo mwaka 1997. Kuanzia Agosti 1998 Bukavu ilikuwa mikononi mwa kundi la waasi la RCD lililoungwa mkono na Rwanda. Katika ujumbe wake wa Noeli wa 1999 Kataliko alisema wazi kwamba mataifa ya nje, yakisaidiwa na baadhi ya Wakongomani, yanapora mali ya nchi na kuwadhalilisha wananchi, na kwamba Mkristo hawezi kuikubali hali hiyo kwa ukimya. Ujumbe ulisomwa mbele ya waumini. Mwezi Februari 2000 wakuu wa RCD walimzuia asirudi Bukavu, wakamlazimisha akae Butembo. Misa na masomo yakasimamishwa kwa muda katika jimbo lake ili kupinga tendo hilo. Kutoka uhamishoni aliendelea kuwaandikia watu wake. Aliruhusiwa kurudi mwezi Septemba, akapokewa na umati mkubwa. Majuma machache baadaye, tarehe 4 Oktoba 2000, alifariki ghafla mjini Roma.

Barua mbili zikilinganishwa

Barua ya Palo Alto ilitoka kwa mfadhili, ikaenda kwa mkuu wa chuo, ikamshukia mwalimu. Ilikuwa ya siri, na nguvu yake ilitokana na siri hiyo. Barua za Bukavu zilitoka kwa mfadhili, zikapita juu ya chuo, zikaenda kwa wenye bunduki. Zilikuwa za wazi, na hatari yake ilimrudia mwandishi mwenyewe. Katika mfano wa kwanza mfadhili alilipia maneno ya mwalimu kwa kazi ya mwalimu. Katika mfano wa pili mfadhili alilipia maneno yake mwenyewe kwa uhai wake au kwa uhamisho wake.

Mtu anaweza kuuliza: barua hizi za maaskofu zinahusianaje na chuo kikuu, ikiwa hazikukitaja? Jibu ni kwamba chuo kikuu kichanga hakiishi hewani. Mhadhara hauwezi kutolewa mahali ambapo neno la kweli ni kosa la jinai. Mtafiti wa ardhi, wa madini au wa afya hawezi kuandika alichokiona ikiwa mji mzima umefundishwa kunyamaza. Chansela aliposema hadharani kile ambacho kila mtu alikinong'ona sokoni Kadutu, alipanua nafasi ya kusema kwa wote, mwalimu na mwanafunzi wakiwamo. Hiyo nayo ni zawadi, ingawa haiandikwi katika daftari la mapato.

Lakini haifai kuigeuza tofauti hii kuwa wimbo wa kusifu. Kwanza, wema wa maaskofu wale wawili haukuwa kanuni ya chuo. Ulikuwa tabia yao. Askofu mwingine, mahali pengine, angeweza kuandika barua kama ya Jane Stanford, na rekta angeweza kujikuta katika hali ya Jordan. Jordan naye ni onyo. Alikuwa msomi mwenye jina, na alijua kwamba kumfukuza Ross kulikuwa kosa. Lakini alijiambia kwamba chuo kitanusurika iwapo mtu mmoja atatolewa. Leo hata jina lake halisimami imara: mwaka 2020 Stanford iliamua kuliondoa katika jengo lake, kwa sababu ya mafundisho yake ya kibaguzi juu ya uzazi wa watu wanaodhaniwa kuwa bora. Msomi anaweza kukosa ujasiri na kukosa haki kwa wakati mmoja.

Pili, wafadhili wa vyuo vya Bukavu si kanisa pekee. Wapo washirika wa ng'ambo, vyuo vikuu na mashirika, wanaolipia maabara, safari na utafiti. Hawa huandika pia. Aghalabu hawamwambii rekta amfukuze mtu. Humwambia ni swali lipi litalipiwa. Mwalimu anayetaka kuchunguza ugonjwa wa migomba huona fedha ziko kwenye madini. Anayetaka kuandika historia ya Bushi huona fedha ziko kwenye vita. Amri ya namna hii haina ukali wa Mei 1900, na kwa sababu hiyo ni vigumu zaidi kuipinga.

Tatu, yuko mfadhili ambaye haandiki kabisa. Tangu miaka ya 1990 elimu ya Kivu, kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu, imebebwa kwa sehemu kubwa na wazazi. Mama anayeuza unga au sambaza sokoni, baba anayeuza ng'ombe mmoja kila mwaka, hao ndio waliolipa mishahara wakati hazina ya serikali ilipokuwa tupu. Ikiwa mali hutoa haki ya kusemwa nao kwa heshima, basi wao ndio wa kwanza kustahili. Lakini hawana bahasha yenye nembo, wala hawaingii ofisini kwa rekta isipokuwa kuomba wacheleweshewe ada. Barua yao ni mtoto waliyemleta.

Hitimisho

Kutokana na mifano hii mambo matatu yanaweza kusemwa. La kwanza ni kwamba mamlaka ya mfadhili hayana budi kuwekwa katika kanuni mapema, kabla ya ugomvi wa kwanza, kwa sababu chuo kichanga ni kama mtoto: umleavyo ndivyo akuavyo. Stanford iliishi miaka 12 bila baraza lenye nguvu, na katika muda huo ilipoteza walimu ambao fedha haikuweza kuwarudisha. La pili ni kwamba barua yoyote inayohusu kazi ya mwalimu inapaswa kupita mbele ya macho ya zaidi ya watu wawili. La tatu ni kwamba mfadhili mwenye kustahili jina hilo huelekeza kalamu yake nje, kwa wale wanaokitishia chuo na watu wake. Haielekezi ndani, kwa mwalimu asiyempendeza.

Mwezi Februari 2025 mji wa Bukavu ulibadilisha tena watawala kwa nguvu za silaha, safari hii mikononi mwa M23. Kwa mara nyingine vyuo vyake vilikabiliwa na swali la nani atasema, na kwa gharama gani. Katika hali kama hiyo kuna kazi moja ndogo iliyo katika uwezo wa kila idara: kuhifadhi barua. Wanahistoria waliweza kumhukumu Jordan kwa haki, na kumwelewa Jane Stanford kwa huruma, kwa sababu karatasi zao zilitunzwa. Barua za marekta, za maaskofu, za washirika wa ng'ambo, na hata vikaratasi vya wazazi wanaoomba muda wa kulipa ada, ni historia ya chuo kikuu kama vile vitabu vya maktaba yake. Zikiandikwa namba, zikinakiliwa na kuwekwa mahali zaidi ya pamoja, wanafunzi wa miaka 50 ijayo wataweza kujua ni nani aliyewalea, na kwa maneno gani.